Tableti Iliyopewa Agatutu

Gashoho, Jumanne, 6 Februari 2024

Kaka Husni,

Jumamosi, watu walipomaliza kazi za jamii, Leonardi, mkuu wa kilima chetu, alitangaza kwamba baraza la kilima litasikiliza kesi ya shamba la Theodosia tarehe 29 mwezi huu, na kwamba kabla ya mtu yeyote kusema, itasomwa kwanza "hukumu ya tableti". Nilikuwepo. Hakuna aliyecheka.

Tableti ni zile mlizotuletea Oktoba kwa somo la uraia. Hukumu imetoka kwenye mchezo wenu, Umusozi Wacu, yaani Kilima Chetu, hatua ya nne. Unaijua, lakini naieleza ili uone tulivyoiona sisi. Mwanafunzi anakuwa mjumbe wa baraza. Familia imerudi kutoka ukimbizini Tanzania na kumkuta mjane analima shamba lao. Mwanafunzi achague: mjane aondoke, waliorudi waondoke, au wagawane nusu kwa nusu. Akichagua nusu kwa nusu, ngoma inalia na chini ya bendera yanatokea maneno: "Hii ndiyo haki."

Upendo, mwanafunzi wangu wa darasa la tisa, alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba tableti ya serikali imewapa nusu. Baba yake ni Damiano. Alirudi kutoka kambi ya Mtabila, kule Tanzania, mwaka mmoja na mimi, na shamba analodai ni la Theodosia. Alikwenda moja kwa moja kwa Leonardi.

Kisa chenyewe ni hiki. Damiano aliporudi, Theodosia alimrudishia sehemu yote ya baba yake aliyokuwa akiilima. Kilichobaki ni kipande ambacho marehemu mumewe alikinunua kwa baba yake Damiano kabla ya vita, kwa pombe na mashahidi, kama ilivyokuwa desturi. Shahidi mmoja, Kastori, bado yu hai. Kipande hicho ndicho Damiano anataka kikatwe nusu. Kikikatwa, Theodosia hatakuwa na pa kulima maharage ya kujilisha yeye na wajukuu.

Katika mchezo wenu hakuna mauzo. Adriano, mjukuu wa Theodosia, ambaye hutumia tableti moja na Upendo, aliniuliza: "Mwalimu, mashahidi tunabonyeza wapi?" Nikamwambia hakuna. Akauliza kama huko Gitega watu hununua shamba bila mashahidi.

Nimezungumza na wajumbe wawili wa baraza. Wameipenda tableti. Mmoja wao, Kasiano, hakuficha: "Mwalimu, mimi nikimwambia Theodosia atoe nusu, kesho nakutana naye kisimani. Tableti haichoti maji."

Nina maombi mawili. Kwanza, barua moja ya Kirundi yenye muhuri wa mradi, iseme kwamba mchezo si sheria na kwamba kisa kimebuniwa. Ifike kabla ya tarehe 29. Pili, unijibu mlitoa wapi hadithi hii. Picha ya hatua ile ina parachichi tatu mpakani, mtaro chini, nyumba ya bati jipya upande mmoja tu, kama shambani kwa Theodosia. Wakati wa semina ya walimu kule Gitega, tukila, nilikusimulia mambo ya kilima chetu. Sikusema uyaandike.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu hapa hushika mtandao ikitaka. Jibu kwa karatasi pia. Leonardi haamini kitu kisicho na muhuri.

Dorotea


Gitega, Magarama, Jumamosi, 10 Februari 2024

Dada Dorotea,

Salamu nyingi, na pole na mahangaiko. Barua yako imefika jana na dereva wa gari la mchele. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimemsomea dada yangu Salima.

Bon, kwanza hadithi. Dada, katika Burundi hii kila kilima kiko na kesi ya aliyerudi na aliyebaki. Parachichi ziko kila mpaka. Bati jipya vilevile. Ukichora kilima chochote, mtu atasema umechora kwao. Watu wa Ryansoro nao walisema ni kwao wakati tulijaribu mchezo huko. Hiyo mi naona ni dalili mchezo ni mzuri.

Kuhusu barua yenye muhuri: muhuri anao Madamu Raissa, mkuu wa mradi, na yuko Bujumbura kwa ajili ya wafadhili. Bila yeye siwezi kugonga hata bahasha. Lakini usiwe na wasiwasi, tatizo ni la kiufundi na nimelitengeneza. Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Iingize katika kila tableti, subiri mshale wa kijani, kisha itoe. Hatua ya nne itakuwa sawa.

Naipeleka kwa njia ya soko: dereva anasema pale Gashoho anamfahamu mama mmoja muuza ndizi ambaye ni mwaminifu, atakukabidhi mkononi.

Tafadhali niandikie ni wanafunzi wangapi wamefika hatua ya tano. Madamu Raissa anaulizia namba hizo kila siku.

Ndugu yako,
Husni


Gashoho, Jumatatu, 19 Februari 2024

Kaka Husni,

Damiano alisema leo asubuhi, mlangoni pa darasa langu, kwamba tableti imepewa agatutu. Wewe ni mtu wa mjini, labda kwenu neno hili halitumiki sana, kwa hiyo naeleza: ni kinywaji ambacho mwenye kesi huwapelekea wazee watakaomsikiliza. Zamani ilikuwa heshima. Sasa ni rushwa, na kila mtu analijua hilo, hata anayeipeleka.

Yametokea haya. Muuza ndizi mwaminifu wa dereva wako ni Theodosia. Alipokea bahasha yako sokoni mbele ya watu, akapita nayo katikati ya kilima hadi shuleni, akanipa. Siku ya pili niliingiza kadi katika tableti zote. Sikuangalia kwanza kilichomo, kwa sababu uliandika "nimelitengeneza" na nilidhani umeiondoa hatua ile. Wanafunzi walipozichukua walikwenda hatua ya nne moja kwa moja, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino linalouma. Walichagua nusu kwa nusu. Ngoma haikulia. Wakachagua mjane abaki. Ngoma ikalia.

Nilikuomba barua, wewe umenitumia hukumu nyingine.

Mazungumzo ya mlangoni yalikuwa hivi. Damiano: "Mwalimu, tableti ilisema nusu. Theodosia akaleta bahasha. Sasa tableti inasema hapana. Wewe ungeelewaje?" Nikamwambia ndani kulikuwa na kadi tu. Akasema: "Ndogo hivyo? Basi bei ya haki imeshuka." Wazazi waliokuwa nyuma yake walicheka. Nikamwambia mchezo unatengenezwa na vijana wa Gitega na wanaweza kuubadili wakitaka. Hilo lilikuwa kosa langu. Alijibu: "Ndiyo nasema mimi. Kuna mtu kule ndani anayeweza kuombwa."

Mwezi uliopita majirani wa Theodosia walinisema kwamba mimi mtu wa Tanzania nimeleta mashine ya kuwapa mashamba watu wa Tanzania. Sasa watu wa Damiano wanasema nimemsaliti mtu tuliyekaa naye kambi moja. Upendo hajaja shule tangu Alhamisi. Adriano anakaa peke yake na tableti yake na hataki kuiwasha.

Theodosia amekuja kwangu mara moja. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Hiyo mashine ilishawahi kufika shambani kwangu?" Nikamwambia hapana. "Basi inajuaje parachichi ni tatu?" Jibu unalo wewe. Nalisubiri kutoka kwako.

Zimebaki siku chache kabla ya kikao. Barua, Husni. Si kadi.

Dorotea


Gitega, Alhamisi, 22 Februari 2024

Dada Dorotea,

Mi nimechoka. Ulisema jibu linamwonea mjane, nikageuza jibu. Sasa jibu linamwonea mwingine. Mchezo lazima uwe na jibu, dada. Bila jibu hakuna nyota za ushindi, bila nyota mtoto hachezi, na asipocheza hakuna somo. Na tukumbuke kwamba chini kabisa ya ukurasa wa kwanza kuna maandishi: "Watu na mahali ni vya kubuni." Ni madogo, nakubali.

Madamu Raissa amerudi. Nimemwomba barua. Amesema tukiandika kwamba mchezo si sheria, wafadhili watauliza kwani tuliwafundisha nini watoto. Wanakuja tarehe 12 Machi kuamua kama mradi uendelee. Amesema jambo la kilima limalizwe kilimani.

Ninaweza kuiondoa hatua ya nne kabisa. Lakini nikituma kadi nyingine watasema imepewa nini, mbuzi? Donc nimeacha.

Nakuomba kitu kimoja. Kwenye kikao usitaje semina. Sema tu kisa ni cha kubuni, kama ilivyoandikwa.

Petroli hakuna tangu Jumapili, kwa hiyo sijui barua hii itafika lini.

Husni


Magarama, Jumamosi, 24 Februari 2024

Kwa Mwalimu Dorotea,

Mi ni Salima, dada mkubwa wa Husni. Hatujaonana lakini nakujua kwa barua zako, anazisoma nyumbani kwa sauti kisha anazunguka uwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka. Ukipita Magarama ukaona kinyozi mwenye shingo ndefu kupita kawaida, ni mi nilimchora. Mchezo wa Husni nao, picha zote ni zangu.

Nakuandikia bila yeye kujua, lakini nikishapeleka nitamwambia. Sipendi kuficha, inanipa kiungulia.

Kilima cha hatua ya nne si cha kubuni. Wakati mlimaliza semina, Husni alirudi nyumbani na akaniambia, "Chora hivi: parachichi tatu, mtaro, bati jipya huku, nyasi kule. Mwalimu mmoja wa Gashoho, mkoa wa Muyinga, amenipa kisa kizuri sana." Alikisimulia chote. Akanisimulia na mauzo. Mi nikachora wazee wanne wamezunguka chungu, wanakunywa pombe ya mtama kwa mirija, na mume wa yule mama ameshika jembe. Mi Mwislamu, sijawahi kukaa na chungu hicho maishani, nilikwenda kuuliza jirani mirija inashikwa namna gani, mpaka akadhani nimebadili dini. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote.

Kisha Husni akasema toa wazee. Hatua ilikuwa ndefu, na Madamu Raissa alitaka kila hatua mtoto aimalize upesi. Nikamwambia, we Husni, ukitoa wazee huyo mama amepata shamba wapi? Akasema watoto hawataona tofauti.

We ulimpa kisa kizima, mwalimu, yeye ndiye alikikata. Nilitaka uijue hiyo kabla hujasimama mbele ya watu. Mdogo wangu si mtu mbaya. Anaogopa tu kuwa mtu ambaye ametoa kazi ikarudishwa.

Nisalimie huyo mama wa parachichi.

Salima


Gashoho, Ijumaa, 1 Machi 2024

Kaka Husni,

Baraza la kilima liliamua jana kwamba halitasema lolote juu ya shamba la Theodosia mpaka aliyeifundisha tableti aje kusema mwenyewe alitoa wapi habari zake. Leonardi ndiye aliyetamka uamuzi. Barua ya wito iko ndani ya bahasha hii. Ina muhuri.

Nakupa yaliyosemwa, kwa kifupi.

Walisoma hukumu zote mbili. Kasiano akasema mtu akisema jambo moja leo na lingine kesho, hafukuzwi, anaulizwa. Damiano akasema tableti ilikuwa mkweli kabla ya bahasha na imeharibika baada yake, kwa hiyo ya kwanza ndiyo ihesabiwe. Wengi waliitikia. Theodosia alimtaja Kastori kama shahidi. Mzee alikuwepo, amekaa kwenye kiti alicholetewa. Damiano akasema: "Tableti ina kumbukumbu kuliko mzee. Kama kulikuwa na mauzo, mbona haikuyataja?" Hapo Kastori hakupewa nafasi ya kusema. Mtu mwenye miaka zaidi ya themanini, aliyekunywa kwenye chungu kile, amenyamazishwa na kitu nilichokipeleka darasani mimi.

Uliniomba nisitaje semina. Nilisimama nikaitaja. Nilisema mimi ndiye niliyekusimulia kisa, na kwamba nilikusimulia pamoja na mauzo. Damiano akauliza, bila kelele, "Nani alikusikia?" Nilikuwa na barua ya Salima mfukoni. Sikuitoa. Leonardi hamjui Salima, na baada ya ile bahasha ya kwanza, bahasha nyingine yoyote kutoka Gitega ingemwangusha Theodosia kabisa. Kwa hiyo nilikaa chini.

Leonardi alifunga hivi: kikao kitaendelea tarehe 21 Machi. Usipokuja, hukumu ya kwanza ya tableti itachukuliwa kama ushahidi ambao haukupingwa, na kipande kitapimwa nusu kwa nusu siku hiyohiyo. Kamba ya kupimia imeshatafutwa. Ukija ukasema kwamba mauzo uliyasikia na ukayatoa, hukumu zote mbili za tableti zitawekwa kando na Kastori atasikilizwa.

Mkuu wa shule ameniamuru nizifungie tableti kabatini. Nimezifungia. Sasa nafundisha sura ya mabaraza kwa ubao, na wanafunzi hawataki mfano wowote kutoka kwangu. Wanauliza kwanza, "Mwalimu, huyu ni nani kweli?"

Salima ameniambia sababu yako. Sihitaji uirudie kwangu. Irudie hapa.

Dorotea


Gitega, Magarama, Jumatano, 13 Machi 2024

Dada Dorotea,

Wafadhili walikuja jana. Wameucheza mchezo kwa saa moja, na mmoja wao, bwana wa makamo, alifika hatua ya nne, akachagua mjane abaki, ngoma ikalia, akafurahi. Akaniuliza kisa tumekitoa wapi, kwa sababu kinaonekana cha kweli. Madamu Raissa akajibu kabla yangu: "Ni cha kubuni." Mi nilikuwa na barua ya wito ya Leonardi mfukoni.

Barua yako ilinikuta nimeshagombana na Salima. Alinionyesha picha ya wazee wanne. Nilidhani aliitupa, kumbe ameitundika chumbani kwake na watoto wake wanaijua vizuri. Mwanawe mdogo amempa kila mzee jina.

Sitarudia sababu. Ila kuna moja hujaisikia, na si ya Salima. Ile barua uliyoomba mwanzo, ya kusema kisa kimebuniwa, ningeweza kuiandika mwenyewe bila muhuri. Sikuiandika kwa sababu ningekuwa nimesema uongo kwa maandishi na jina langu chini. Kunyamaza niliona ni nafuu. Kisha nikatuma kadi ili nisijibu. Na wewe umesimama mbele ya watu ukaulizwa nani alikusikia, wakati aliyekusikia alikuwa hapa anahesabu nyota.

Jana jioni nimemwambia Madamu Raissa ninakwenda Gashoho. Amesema nikienda nisiende kwa jina la mradi, na meza yangu atapewa kijana mwingine, Houssein, ambaye tayari anafahamu kazi. Hakupaza sauti. Alisema pia kwamba nimewaharibia watoto wa vilima vingine, na mradi ukifungwa nikumbuke kwamba ulifungwa kwa ajili ya kipande kimoja cha maharage. Labda kweli.

Sitaleta tableti, kadi wala karatasi yoyote. Picha ya Salima nayo itabaki ukutani. Nitasema nilichosikia mezani, nani alinunua kipande, nani alikunywa, na nani aliyatoa mauzo kwenye mchezo. Wakitaka kuuliza, waniulize.

Mambo mawili ya njia. Usinipokee. Mwambie Theodosia asinipokee, wala mtu wa Damiano. Nitalala Muyinga mjini kwa binamu yetu Hidaya, na kupanda kilimani nitapanda peke yangu. Na mtu asihangaike kuniandalia kitu cha kunywa, kabla ya kikao wala ndani yake: Ramadhani imeingia, nimefunga. Mwambie Leonardi alitangaze hilo mapema, mbele ya wote, ili Damiano alisikie kabla sijafungua mdomo.

Petroli bado ni shida, kwa hiyo naondoka Gitega Jumanne, siku moja kabla ya lazima. Kikao ni Alhamisi, tarehe 21 Machi, saa tatu asubuhi.

Husni